AKIBA HAIOZI, LAKINI NI JASHO LA NANI?



Kila mara Benki Kuu ya nchi mojawapo kati ya nchi zetu inapotangaza kwamba akiba ya fedha za kigeni imeongezeka, swali lile lile huulizwa matawini: kwa nini serikali ilimbikize dola huko ng'ambo na huku zahanati haina dawa, barabara imejaa mashimo, na mshahara hautoshi nauli na unga? Swali hili ni la haki. Anayeliuliza anajua kwamba fedha hizo zimetokana na jasho lake. Lakini swali la haki lastahili jibu kamili, na sisi tunaona kwamba vyama vingi vya wafanyakazi vimeliachia jibu hilo mikononi mwa wataalamu wa mabenki, kana kwamba ni jambo lisilomhusu mtu avaaye ovaroli.

Msimamo wetu ni huu: akiba ya fedha za kigeni ni suala la mshahara. Nchi isiyokuwa na akiba humkata mfanyakazi mshahara wake bila kumwandikia barua. Na nchi inayoijaza akiba yake kwa mikopo ya riba kubwa humkata mshahara vile vile, ila hufanya hivyo polepole. Kwa hiyo ni wajibu wa chama cha wafanyakazi kujua akiba ni nini, inawekwa kwa sababu gani, na imetoka wapi.

AKIBA NI KITU GANI

Wako wanaodhani kwamba akiba hiyo ni mabunda ya noti yaliyofungiwa katika chumba cha chuma mjini Lusaka, Lilongwe au Dodoma. Sivyo. Sehemu kubwa ni fedha zilizowekwa katika mabenki ya nje na hati za mikopo za serikali kubwa, hasa serikali ya Marekani. Sehemu nyingine ni dhahabu, na sehemu nyingine ni fungu ambalo kila nchi mwanachama inalo katika Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni mali ambayo Benki Kuu inaweza kuigeuza haraka kuwa fedha inayopokelewa na muuzaji wa nchi yoyote.

Haja ya mali hiyo yaonekana wazi katika nchi isiyo na bahari. Mafuta ya Zambia hushushwa bandarini Dar es Salaam na kusukumwa kwa bomba la TAZAMA, lililofunguliwa mwaka 1968, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,700 hadi Ndola. Mwenye meli ya mafuta hapokei kwacha, wala shilingi, wala faranga ya Burundi. Anataka dola. Kadhalika mwenye kiwanda cha dawa, mwenye mbolea, na mwenye vipuri vya gari moshi. Na dola hatuna mtambo wa kuzichapa. Huzipata mchimba shaba wa Kitwe na Chingola, mkulima wa tumbaku wa Kasungu, mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro na wa Ngozi, pamoja na dereva wa lori na mfanyakazi wa reli wanaoifikisha mali hiyo bandarini. Basi isisemwe kwamba akiba ni mali ya Benki. Benki ni mtunza ghala tu.

KWA NINI NCHI HULIMBIKIZA

Sababu ziko tatu kubwa.

Ya kwanza ni kupata nafasi ya kupumua. Mauzo ya mazao yetu yana msimu, lakini mafuta na dawa hutakiwa kila siku. Kwa muda mrefu wataalamu wamekuwa wakipima akiba kwa miezi: kama mapato yote ya nje yangekatika leo, akiba ingetosha kuagizia bidhaa kwa miezi mingapi? Miezi mitatu ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa kuwa kiasi cha chini cha usalama. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipotia sahihi mkataba wa umoja wa fedha mwaka 2013 zilijiwekea shabaha ya miezi minne na nusu.

Ya pili ni kujikinga na dhoruba. Bei ya shaba haipangwi Kitwe, na bei ya kahawa haipangwi Moshi. Bei hushuka, mvua hukataa kunyesha, vita hufunga njia. Mwenye akiba huendelea kula wakati anatengeneza jembe. Asiyekuwa nayo huliuza jembe.

Ya tatu ni heshima ya fedha yetu na uwezo wa kulipa madeni. Walanguzi wa fedha wakijua kwamba ghala ni tupu, huikimbia fedha ya nchi hiyo na kuificha dola, na wenye kukopesha huongeza riba. Wakijua ghala limejaa, hutulia. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya akiba ni kuonekana ipo hata kama haijatumiwa. Hili ndilo jambo linalomkera mfanyakazi, kwani yeye huona fedha zimelala. Lakini hata tangi la maji la zimamoto hulala mwaka mzima, na hakuna asemaye kwamba limwagwe.

YALIYOIPATA ZAMBIA

Maneno matupu hayamshawishi mtu. Tutazame nchi jirani ya Zambia, ambayo imepita katika njia hii mara mbili.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964 Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizokuwa na fedha za kigeni za kutosha, na karibu zote zilitoka katika shaba. Miaka ya 1973 hadi 1975 mambo yakageuka. Mwezi Januari 1973 mpaka na Rhodesia ya walowezi ulifungwa. Bei ya mafuta duniani ikapanda mara nne. Mwaka 1975 reli ya Benguela ikafungwa kwa sababu ya vita vya Angola. Na shaba yenyewe, ambayo bei yake ilifika kilele mwezi Aprili 1974, ilishuka hata chini ya nusu kabla mwaka huo haujaisha. Zambia ililipa gharama kubwa kwa kusimama upande wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na hilo ni la kuiheshimu. Lakini bei ya shaba haikujali msimamo wa mtu, na haikurudi kama viongozi walivyotumaini.

Akiba ikaliwa, kisha ikaja mikopo, kisha malimbikizo ya madeni. Migodi ikakosa vipuri. Na mgodi usio na vipuri hutoa shaba pungufu, na shaba pungufu huleta dola pungufu za kununulia vipuri. Hapo nchi huwa imeingia katika duara ambalo halina mlango. Mwezi Oktoba 1985, kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, Zambia ilianza kuuza dola kwa mnada. Kwacha zilizokuwa 2 na kitu kwa dola moja zikawa 5 katika mnada wa kwanza, na kufikia mwishoni mwa 1986 zilikuwa zimezidi 12.

Mwezi Desemba mwaka huo huo serikali ikaondoa ruzuku ya unga laini, na bei yake ikapanda zaidi ya maradufu. Copperbelt ikawaka moto. Watu wasiopungua 15 walikufa katika ghasia hizo. Serikali ilirudisha bei ya zamani, na tarehe 1 Mei 1987, siku ya wafanyakazi duniani, Rais Kaunda alitangaza kuachana na masharti ya Shirika hilo na kwamba ulipaji wa madeni ya nje hautazidi asilimia 10 ya mapato halisi ya mauzo ya nje. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini kutangaza hakujazi ghala, na baada ya miaka michache Zambia ilirudi kwenye meza ile ile.

Mara ya pili ni ya juzi. Baada ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni katikati ya miaka ya 2000, Zambia iliuza hatifungani katika masoko ya nje mara tatu: dola milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014, na bilioni 1.25 mwaka 2015. Ile ya kwanza ilikuwa na riba ya asilimia 5 na kitu. Ya tatu ilikaribia 9. Ikakopa pia kwingineko kwa barabara, viwanja vya ndege na mabwawa ya umeme. Mwezi Novemba 2020, katikati ya ugonjwa wa korona, nchi ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Kiasi hicho si kikubwa kwa nchi inayochimba shaba nyingi namna ile. Kwacha, iliyokuwa karibu 5 kwa dola mwaka 2013, ilikuwa imepita 20 mwishoni mwa mwaka 2020. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haukupanda mara nne katika miaka hiyo alijua hasara hiyo iliangukia kwa nani. Kisha mwaka 2024 ukaja ukame mkali. Maji ya bwawa la Kariba yakapungua mno hata umeme ukawa wa kugawana, na mahindi yakatafutwa nje ya nchi, Tanzania ikiwa moja ya walikonunua.

TANZANIA NA KAHAWA

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wenye shaba tu. Baridi kali iliyoua kahawa ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei duniani, na kufikia mwaka 1977 hazina ya Tanzania ilikuwa imenona kuliko miaka mingi iliyotangulia. Washauri kutoka nje wakasema kwamba akiba hiyo ni kubwa mno kwa nchi maskini, na kwamba milango ya kuagiza bidhaa ilegezwe. Ikalegezwa mwaka 1978. Bei ya kahawa ikawa imeanza kushuka, na bidhaa zikaingia kwa wingi. Mwezi Oktoba majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena. Ghala lilifagiliwa katika muda usiotimia miaka miwili. Wale wanaokumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na magendo yaliyostawi katika foleni hizo, wanakumbuka maana ya nchi kukosa fedha za kigeni. Washauri hawakupanga foleni.

SOMO LA WAKOREA

Nchi za Asia zilijifunza somo hili kwa uchungu, na kutokana nalo zikaanza kulimbikiza kuliko wakati wowote. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliishiwa nguvu za kuilinda fedha yake, kwa sababu Benki Kuu yake ilikuwa imekwisha kuiahidi karibu akiba yote kwa walanguzi. Moto ukaenea. Mwishoni mwa mwaka Korea ya Kusini, nchi yenye viwanda vikubwa vya meli na vya magari, ilikwenda kuomba mkopo kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na wenzake, fungu lote likizidi dola bilioni 55.

Masharti yakaja pamoja na mkopo. Mwezi Februari 1998 sheria ililegezwa ili iwe rahisi kwa makampuni kuwaachisha watu kazi. Wasio na kazi, waliokuwa chini ya watu 3 katika kila 100, walipita 8 mwanzoni mwa 1999. Wananchi walijipanga kutoa pete zao za ndoa na vidani vyao ili dhahabu iuzwe nje. Zikapatikana zaidi ya tani 200. Korea ilimaliza kulipa mkopo huo mwezi Agosti 2001, na tangu hapo imejaza akiba hata ikapita dola bilioni 400. China nayo ina zaidi ya dola trilioni 3. Ukimwuliza Mkorea kwa nini fedha zote hizo zimelazwa, jibu liko katika historia yake: hataki mgeni aje tena kumwandikia sheria ya kazi.

Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Nchi isiyo na akiba hupangiwa sheria na mwenye kuikopesha, na sheria ya kwanza kuguswa huwa ni ya mfanyakazi.

MSHAHARA ULIOKATWA ASUBUHI MOJA

Malawi ni ushahidi ulio karibu zaidi. Dola zake hutokana zaidi na tumbaku, na tumbaku huuzwa kwa miezi michache tu ya mwaka. Akiba iliposhuka hata isitoshe mwezi mmoja, foleni za petroli zikawa ndefu na dawa zikawa adimu. Mwezi Mei 2022 thamani ya kwacha ya Malawi ilishushwa kwa asilimia 25. Mwezi Novemba 2023 ikashushwa tena, kutoka karibu 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja.

Tufanye hesabu. Tuseme mfanyakazi alikuwa akilipwa kwacha 170,000 kwa mwezi. Siku moja kabla ya tangazo mshahara wake ulikuwa sawa na dola 144. Siku ya pili yake ulikuwa dola 100. Hakuna mwajiri aliyemwita ofisini, hakuna mkutano uliofanyika, wala kamati ya majadiliano haikuketi. Nauli na sabuni hupanda kwa sababu mafuta ya petroli na mali ghafi hununuliwa kwa dola. Chama kinaweza kujadiliana miezi sita kikapata nyongeza ya asilimia 15, nayo ikaliwa kabla ya karatasi ya mshahara kuchapwa. Ndiyo maana tunasema kwamba chama kinachojadiliana juu ya mshahara bila kuitazama akiba ya nchi kinateka maji kwa pakacha.

AKIBA YA KUKOPA SI AKIBA

Lakini, ndugu wafanyakazi, tusije tukapiga makofi kila tunaposikia tarakimu kubwa. Akiba ina gharama. Nchi inapokopa dola milioni 100 kwa riba ya asilimia 9, kisha ikaziweka katika hati za Marekani zinazolipa asilimia 2, kama hali ilivyokuwa mwaka 2015, kila mwaka hupoteza dola milioni 7. Hapo maskini amemkopesha tajiri kwa bei nafuu, na kumkopa kwa bei ghali. Tofauti hiyo hulipwa kwa kodi za watu wanaokatwa mshahara kabla hawajaushika.

Mwezi Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liligawa fungu maalumu la dola bilioni 650 kwa wanachama wake wote. Zambia ilipata kama bilioni 1.3, ikapumua. Lakini mgao ulikuwa kwa kadiri ya hisa, na hisa nyingi ni za matajiri, kwa hiyo sehemu kubwa ilikwenda kwa wale wasioihitaji. Kisha mwaka 2022, nchi za Magharibi zilipozuia akiba ya Urusi iliyokuwa mikononi mwao, mabenki makuu mengi yaliona kwamba mali iliyo katika ghala la mwingine hutegemea hiari ya mwenye ghala, na hamu ya kununua dhahabu ikazidi. Tanzania imeagiza kwamba kuanzia Oktoba 2024 angalau asilimia 20 ya dhahabu ya wachimbaji na wafanyabiashara itengwe kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa ndani ya nchi, na Benki Kuu yake huinunua. Zambia nayo, tangu mwanzo wa mwaka 2024, inataka mapato ya mauzo ya nje yapite katika akaunti za mabenki ya ndani ili yajulikane. Hizi ni njia bora kuliko kukopa, kwa sababu zinakamata dola pale zinapozaliwa. Zitafaa iwapo zitasimamiwa, na iwapo mchimbaji mdogo atalipwa bei ya haki bila kucheleweshwa. Asipolipwa, dhahabu itapita kwa magendo.

TUNATAKA NINI

Kwanza, tunataka hesabu ya akiba itangazwe pamoja na asili yake: kiasi gani kimechumwa kwa mauzo, kiasi gani kimekopwa, na kwa riba gani. Tarakimu moja isiyo na maelezo haimwambii mwananchi kitu.

Pili, tunataka kila chama, kinapoingia katika majadiliano ya mkataba wa hali bora za kazi, kidai kifungu cha kufungua upya mazungumzo ya mshahara pindi thamani ya fedha inaposhushwa kwa kiwango kikubwa. Mwenye nyumba wa mjini anayedai kodi kwa dola amekwisha kujikinga. Mfanyakazi ajikinge pia.

Tatu, dola zinapokuwa chache, orodha ya nani apewe kwanza iwe wazi: dawa, mafuta, mbolea, na vipuri vya mitambo inayoleta dola nyingine. Magari ya fahari yangoje. Katika miaka ya 1980 tuliona dola zikigawanywa gizani, na gizani mwenye mjomba ofisini ndiye aliyeona.

Nne, tunataka faida ya madini yetu irudi nyumbani. Nchi inayosafirisha shaba na dhahabu kwa miaka mingi huku akiba yake ikihesabiwa kwa wiki, haina budi kuuliza fedha nyingine zinabaki wapi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakisema juu ya nafaka iliyovunwa na mwenye ghala, siyo ya kuazima kwa jirani kwa sharti la kurudisha magunia mawili. Mwezi ujao Benki zitatangaza tarakimu nyingine. Tunawaomba viongozi wa matawi waisome mbele ya wanachama, na mwanachama wa kwanza atakayeinua mkono aulize: hizo ni za miezi mingapi, na zimetoka wapi?